Jumamosi Zisizo na Namba

Kwa miezi saba kaka yangu alinitumia namba moja kila asubuhi, isipokuwa Jumamosi. Ilikuwa namba ya maji katika shimo la dhahabu alimokuwa akichimba upande wa Osiri: mita ngapi kutoka mdomo wa shimo hadi pale mkanda wa kupimia ulipogusa maji na taa yake ndogo kuwaka. Alipima karibu saa tatu, kabla ya kushuka, akaniandikia kwa simu bila salamu. 31.2. Kesho yake 31.4. Mimi nilikuwa Homa Bay, katika chumba nilichopanga nyuma ya chuo ninakosoma, na namba ilipoingia niliiweka kwenye jedwali, nikaendelea na chai. Siku namba ilipochelewa, chai ilipoa. Ndivyo nilivyokuwa nikimwogopea: kwa utaratibu.

Nieleze kazi yenyewe, maana bila hiyo Jumapili ile haieleweki. Ninasomea hesabu za kukokotoa kwa kompyuta, na hasa yale mambo ambayo makubwa yake hayawezi kutenganishwa na madogo yake. Kilima kilichochimbwa mashimo hayo kina upana wa kilomita kadhaa. Nyufa zinazopitisha maji ndani ya mwamba wake hazizidi unene wa ukucha. Ukiiambia kompyuta ifuate kila ufa, haitamaliza mwaka huu wala ujao. Ukiiambia itazame kilima kizima bila nyufa, itamaliza upesi na kukupa picha safi isiyo ya kweli. Kwa hiyo wenye kazi hii tunapita katikati. Tunachukua vipande vichache vya mwamba, tunavikokotoa kwa makini hadi ufa wa mwisho, kisha kila mraba mkubwa wa ramani tunaupa wastani uliotoka katika kipande chake. Muda nao tunaufanya hivyo hivyo. Yapo mambo ya saa na yapo mambo ya msimu, na mtu huchagua atapiga hatua ya urefu gani kutoka namba moja hadi nyingine. Mimi nilichagua hatua ya siku moja.

Mama yetu, aliyetulea kwa kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, Muhuru Bay, ndiye mtu wa kwanza niliyemweleza kazi hii akaielewa. Tulikuwa tumesimama mbele ya neti zilizoanikwa, omena wameenea kama shuka la fedha. Nikamwambia, mnunuzi hahesabu omena wote. Anachota kiganja hapa, kiganja pale, anajua bei ya neti nzima.

"Kwa hivyo wewe ni mnunuzi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Anayechota juu juu?"

"Inategemea."

"Wanunuzi wa kuchota juu juu ndio walilipa karo yenu," alisema, akaendelea kugeuza samaki wake.

Wiki tatu kabla ya Jumapili ninayoieleza, nilichapisha ramani ya kwanza. Kilima kilitoka kijani, rangi ya mwamba salama, karibu kote, na upande wa mashariki wa shimo la kaka yangu ulikuwa kijani kuliko kwingine. Sikuichora ili watu wachimbe. Niliichora kwa ajili ya masomo. Lakini kaka yangu aliomba nakala, na mwenye shimo, mzee wa kanisa letu la Wasabato, akaibandika katika kibanda chake cha mabati. Walikuwa wakibishana kwa muda kama wafuate mshipa wa dhahabu upande wa mashariki au waache. Ramani ikamaliza ubishi. Wakafungua tawi la mashariki, handaki la kutambaa kwa magoti kutoka chini ya shimo, wakaliinulia nguzo za miti ya blugamu. Kaka yangu ndiye aliyepewa kuchimba mbele kabisa, kwa sababu ramani ilikuwa ya dada yake.

Jumapili hiyo nilimpigia saa kumi na mbili na nusu asubuhi kumuuliza habari ya mabati ya jikoni kwa mama. Tulizungumza Kiluo na Kiswahili kwa kuchanganya, kama kawaida yetu. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na ngurumo.

"Hiyo kelele ni ya nini?" nikauliza.

"Pampu. Tunavuta tangu saa tisa usiku. Mwenye shimo ameleta nyingine mpya leo, dada, nyaminwa, hii ni simba. Inakunywa maji kama ngamia."

"Kwani maji imejaa?"

"Si ni Jumapili? Jana jioni ilikuwa imepanda mpaka jukwaa ya pili."

Nilijua majukwaa ya shimo lile kwa sababu niliyachora mwenyewe, mbao zile ambazo wachimbaji hupumzikia wakipanda ngazi. La pili liko mita kumi na tano kutoka juu. Namba aliyonitumia Ijumaa ilikuwa thelathini na moja.

"Jumamosi hii tu?" nikauliza.

"Kila Jumamosi. Ijumaa jua likitua pampu inazimwa, Jumapili tunaamka mapema tunavuta. Wewe ni Msabato wa wapi mpaka uambiwe hivyo?" Akacheka. "Mabati tutaangalia mwezi ujao." Akakata.

Nilibaki nimeshika simu. Nakumbuka nje jirani alikuwa akifagia uwanja, na ufagio ulipopita karibu na mlango wangu nilishtuka kana kwamba mtu ameniita.

Nikafungua jedwali. Namba zilikuwa zimepangwa vizuri, siku kwa siku, na Jumamosi zote zilikuwa zimejazwa. Nani aliyezijaza? Mimi. Katika programu yangu kuna mstari mmoja unaosema: siku ikikosa namba, chukua wastani wa siku iliyotangulia na siku iliyofuata. Ijumaa mita thelathini na moja, Jumapili thelathini na moja, basi Jumamosi thelathini na moja. Niliandika mstari huo mwezi wa kwanza wa kazi na sikuurudia tena. Haikunijia hata siku moja kuuliza kwa nini siku inayokosekana ni ile ile. Kwangu mimi Jumamosi ilikuwa siku ambayo hakuna anayepima kitu. Tangu nizaliwe, siku hiyo sufuria zimepikwa jana, viatu vimepigwa rangi jana, na simu ya kazi haipokewi. Mkatoliki angeuliza. Mwislamu wa pale mjini Migori angeuliza. Mimi, kaka yangu na mwenye shimo, watu watatu wa kanisa moja, tuliiacha siku hiyo nje ya hesabu bila kuambizana, na kila mmoja akaona ni sawa.

Na namba za Jumapili zilinidanganya kwa namna yake. Kaka alipima saa tatu, pampu ikiwa imefanya kazi saa sita. Alichokiona ni shimo lililokwisha kukaushwa. Kilichotokea kati ya saa tisa usiku na saa tatu asubuhi, mita kumi na sita za maji kuondolewa kwa haraka, hakikuwahi kunifikia.

Haraka hiyo ndiyo iliyonitia baridi. Maji yakiwa ndani ya shimo na maji yakiwa katika nyufa nyuma ya ukuta, ukuta umesimama kama mlango unaosukumwa na watu wawili, mmoja kila upande. Mtu wa ndani akiondoka polepole, wa nyuma naye hulegea. Akiondoka ghafla, wa nyuma bado anasukuma kwa nguvu zake zote. Nyufa ni nyembamba; maji yake hayana njia ya kutoka kwa saa sita. Kila Jumapili asubuhi, kwa saa chache, ukuta wa mashariki ulikuwa ukisukumwa kutoka nyuma bila kitu cha kuuegemeza mbele. Na saa hizo ndizo kaka yangu alizoingia.

Nikahesabu Jumapili tangu tawi lifunguliwe. Mbili. Hii ilikuwa ya tatu.

Namba niliyohitaji ni rahisi kuieleza. Unachukua nguvu inayoushika ukuta, unaigawa kwa nguvu inayousukuma. Jibu likizidi moja, ukuta unasimama. Likipungua, hausimami. Ramani yangu ya kijani ilisema moja nukta sita. Nikabadilisha hatua ya muda kutoka siku hadi saa, nikarudisha maji ya Jumamosi mahali pake, nikaanzisha hesabu. Kompyuta ikajibu kwamba itahitaji saa tatu na dakika kumi. Ilikuwa saa moja na robo. Wao hushuka saa tatu.

Nikaizima. Nikafikiri kwa sauti, kama ninavyofanya nikiogopa: hatua ndogo pale panapokimbia, hatua kubwa pale palipotulia. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa maji yanasimama karibu mahali pamoja. Hapo naweza kuruka siku nzima nzima. Kuanzia jua la Ijumaa hadi mchana wa Jumapili nitaenda saa kwa saa. Kilima chote kibaki na miraba yake mikubwa, ila mita arobaini kuzunguka shimo nitaziweka nyufa zake moja moja. Si jambo nililolibuni mimi; ndiyo mbinu yenyewe niliyokuja kuisomea, na kwa miezi saba sikuitumia mahali ilipohitajika. Nikaandika upya, nikaanzisha. Dakika hamsini.

Saa mbili kasoro dakika ishirini na tano nilimpigia tena kaka yangu.

"Usishuke leo," nikamwambia.

"Kuna nini?"

"Ramani imekosea. Upande wa mashariki."

"Imekosea vipi? Si ulisema moja nukta sita?" Alikuwa ameikariri. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe maana yake, kwa kujivunia.

"Sikuwa nimeweka maji ya Jumamosi."

"Sasa umeweka?"

"Naweka. Kompyuta inafanya."

"Inasema ngapi?"

"Bado haijasema."

"Profesa," alisema, na nilisikia anatabasamu, "wewe ndio ulinifundisha, mtu asiniambie anaogopa, aniambie namba. Ukipata namba, piga." Nyuma yake mtu alipaza sauti kitu kuhusu mwanamke anayempigia kila dakika, wakacheka. Akakata.

Nilikaa nikitazama mstari wa kompyuta ukisogea. Sina la kusimulia juu ya dakika hizo. Nilisoma jina la kiwanda chini ya kikombe mara nyingi sana.

Saa mbili na dakika ishirini na tano hesabu ilikwisha. Jumatatu hadi Ijumaa, moja nukta sita, kama awali. Ijumaa usiku inaanza kupanda kidogo, maji yanapojaa na kuegemeza ukuta. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, moja nukta mbili. Saa mbili, sifuri nukta tisa tano. Na nilipotazama Jumapili tatu kwa kufuatana, kila moja ilikuwa chini ya iliyotangulia, kwa sababu kila wiki udongo laini ulio ndani ya nyufa ulikuwa ukisombwa kidogo na maji yanayopanda na kushuka. Hayo yote kwa pampu ya zamani. Ile mpya sikuwa nimeiweka.

Nilipiga. Simu ilipokewa na wifi yangu. Mke wa kaka yangu hufanya kazi pale pale mdomoni mwa shimo: anaponda mawe pamoja na wanawake wengine na kusimamia kamba inayopandisha magunia. Kaka akishuka humwachia simu.

"Wameshuka," alisema.

"Saa tatu haijafika!"

"Leo maji iliisha mapema. Hii pampu mpya ni hatari. Wako chini kama dakika kumi na tano."

Kiti kilianguka nyuma yangu, sikujua nimesimama.

"Wifi, nisikilize. Watoe. Sasa hivi. Ukuta wa mashariki unaweza kuanguka."

"Niwatoe na nini? Wakiwa kwa tawi hawasikii hata ukipiga nduru."

"Vuta kamba."

Hakuivuta. Nilijua kwa nini. Katika mashimo ya upande ule kamba ina lugha yake. Kuvuta mara moja ni kuuliza kama gunia limejaa. Mara mbili, maji ya kunywa yanashuka. Mara tatu ni jambo moja tu: toka, nyumbani kuna msiba. Mchimbaji haachi mwamba wake kwa mwito mwingine, kwa sababu watu wengi humtania, humjaribu, humwita kwa upuuzi. Lakini kwa msiba wanaacha vyote na kupanda. Na hakuna anayevuta mara tatu kwa uongo. Mchimbaji wa kwanza anapochomoza kichwa, aliyevuta lazima ataje jina la marehemu.

"Nikivuta tatu," alisema wifi yangu polepole, "wataniuliza ni nani."

"Vuta kwanza."

"Wataniuliza ni nani! Nitataja nani? Nimtaje mama? Nimtaje mtoto wangu? Unataka nimwitie mtu kifo mchana kweupe?"

"Nitaje mimi."

"Nini?"

"Sema nimekufa mimi. Sema umepigiwa simu kutoka Homa Bay. Wifi, tafadhali, vuta hiyo kamba."

Nilisikia simu ikiwekwa chini juu ya kitu kigumu, jiwe labda. Nilisikia nyundo za wanawake zikigonga mawe. Kisha mlio wa kamba kwenye gurudumu lake. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Nyundo zote zikanyamaza.

Mwanamke mmoja akauliza kwa Kiluo, nani? Wifi yangu akanitaja. Akanitaja kwa jina langu la kanisani na la nyumbani, yote mawili. Papo hapo ukapigwa ukelele ule ninaoujua tangu utotoni, ule unaotoka kwa mmoja na kudakwa na wa pili kabla wa kwanza hajavuta pumzi, nami nikiwa Homa Bay, simu sikioni, nikisikiliza watu wanavyonililia. Lakini woga wangu mkubwa haukuwa huo. Nilikuwa nikisikiliza ngazi.

Walishuka wanne. Kila anayetoka, mbao za juu hulia. Zililia mara moja, na sauti ya mwanamume ikauliza, nani? Zikalia mara ya pili. Nilianza kuhesabu kwa sauti. Ya tatu ilichelewa mpaka nikauma mkono wangu. Alama ilikaa siku nne. Ya tatu ikalia, na haikuwa sauti ya kaka yangu. Aliye mbele kabisa katika tawi hutoka mwisho; lazima atambae kinyumenyume hadi shimoni ndipo ashike ngazi. Nilijua urefu wa tawi. Mita kumi na moja. Nilikuwa nimezichora pia.

Mbao zikalia mara ya nne.

"Nani?" alisema kaka yangu.

Akatajiwa. Sikusikia akilia, nilisikia anapumua kama mtu aliyemwagiwa maji. Halafu wifi yangu akasema, "Shika simu. Shika tu, uongee."

"Wewe ni nani?" akauliza kwenye simu.

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Ni mimi, kaka. Niko hai. Namba ni sifuri nukta tisa tano."

Alichosema baada ya hapo sitakiandika chote. Aliniuliza kama nina akili. Aliniuliza mara tatu, "Umejitaja? Umejitaja kwa mdomo wako mwenyewe?" Kwetu mtu hatamki hivyo juu ya nafsi yake hata kwa mzaha, na mimi nilikuwa nimesababisha nililiwe na uwanja mzima. Nyuma yake wachimbaji walikwisha kuelewa, na mmoja akapiga kelele, "Muulize marehemu kama huko kuna mtandao!" Mwingine akasema, "Atuletee dhahabu akirudi!" Wakacheka.

Mwenye shimo akachukua simu. Huzungumza polepole, kama anavyosoma matangazo kanisani.

"Binti yangu. Karatasi yako iko kwa ukuta wangu. Niitoe au niiache?"

"Itoe, baba."

"Kwa sababu gani?"

"Hatukupima Jumamosi."

"Hakuna mtu hupima Jumamosi."

"Ndiyo, baba. Lakini maji inapanda."

Nikasikia anaamuru pampu mpya izimwe, ibaki ile ya zamani, na ngurumo iliyokuwapo tangu asubuhi ikapungua. Akasema watangoja hadi saa tano, na kama hakuna kitu, watu warudi kazini, maana nao wana nyumba za kulisha.

Hakukuwa na kitu. Saa tatu na nusu, hakuna. Saa nne, hakuna. Kila robo saa wifi yangu aliniambia, "Kimya." Nilianza kupitia mistari ya programu nikitafuta kosa langu jipya, kwa sababu mtu aliyekosea kwa miezi saba anaweza kukosea pia kwa dakika hamsini. Niliogopa ukuta uanguke. Niliogopa pia usianguke, wanaume wanne warudi chini wakinicheka, na Jumapili nyingine nivute kamba asitoke mtu.

Saa tano kamili kaka yangu alimwambia mwenye shimo kwamba atashuka peke yake akaangalie. Nilisikia wifi yangu akimkataza. Nilimkataza mimi pia, nikilia waziwazi, simu ikiwa mkononi mwa mkewe.

"Mwambie nimeacha tochi na tindo huko," alijibu. "Na mwambie sitaingia kwa tawi. Nitasimama kwa mlango."

Alikaa chini dakika kumi na nne. Wifi yangu alishika kamba kwa mikono yote miwili muda huo wote, akaniambia baadaye kwamba alikuwa akiitetemesha kidogo kidogo, bila kuivuta, ajue tu kuna mtu juu. Kaka akatoka. Aliomba simu.

"Ile nguzo ya tatu," alisema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Ijumaa niliipigilia kabari mwenyewe. Hata kisu haingepita kati yake na mwamba."

"Na sasa?"

"Imelala upande. Ukuta imekuja ndani. Nimeweka mkono hapo juu kwa nguzo, umepita."

"Si ulisema hutaingia?"

"Mkono umepita, nyaminwa."

"Mkono wote?"

"Vidole vinne. Hivi, kimoja juu ya kingine."

Nikaandika: vidole vinne. Nikavipima vyangu kwa rula, nikapata sentimita saba, nikaandika hizo pia, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono yangu. Aliniambia hakuchukua tochi wala tindo. Wakati amesimama pale, mchanga ulikuwa ukidondoka juu ya kofia yake, kidogo, bila kukoma.

Ndipo wifi yangu alipokumbuka jambo ambalo sote tulilisahau. Wanawake wale walipopiga ukelele, watatu kati yao walikuwa na simu.

Nyumbani kwetu Muhuru Bay habari ilifika kabla hata kaka yangu hajamaliza kupanda ngazi. Nilimpigia mama; simu yake ilikuwa imezimika, na majirani niliowapata walikata waliposikia sauti yangu. Ilinilazimu niende nionekane kwa macho. Nilifika karibu saa kumi alasiri. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa chini ya kivuli cha nyumba, meko mawili yalikuwa yakiwaka, na watu walioniona naingia langoni walirudi nyuma kwa pamoja kama niliyeleta upepo. Mzee mmoja aliinua fimbo yake. Shangazi yangu aliyekuwa akikoroga chai aliniangalia kuanzia miguuni.

"Una kivuli," alisema hatimaye. "Haya, kuja. Lakini hii sukari ni ya matanga, nani atailipa?"

Mama hakusimama. Alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, kitambaa kimemvuka kichwani. Nilipiga magoti mbele yake. Alinishika masikio, akanishika mabega, akaniminya mkono pale nilipojiuma hadi nikapiga yowe, akasikia yowe, akaacha. Kisha akanipiga kofi moja. Akaagiza niletewe chai na niinywe pale pale, watu wote wakiona inashuka.

Kaka yangu aliingia baadaye kidogo, bado na udongo wa shimo masikioni. Mama alituketisha mmoja huku, mwingine huku. Akasema tumwambie kwa mpango, bila kurukaruka. Nikamweleza pampu, na nyufa, na jinsi nilivyojaza Jumamosi kwa kukisia. Kaka akamwambia kwamba mwenye shimo amefunga tawi la mashariki kwa miti, na kwamba kuanzia wiki hiyo maji yatashushwa polepole kwa siku mbili, hakuna kushuka Jumapili. Ila watahitaji kujua yamepanda kiasi gani siku ambayo pampu zimelala.

"Na nani atapima Jumamosi?" mama akauliza.

"Mimi," nikasema.

Alinitazama. Yeye hajawahi kuuza hata kopo moja la omena siku ya Sabato.

"Baada ya ibada," alisema.

"Na kabla pia, mama. Ni kila saa."

Alimgeukia kaka yangu. "Ungekaa huko chini mpaka saa ngapi leo?"

"Mpaka saa nane."

"Na huo ukuta. Umekuja kiasi gani?"

Kaka yangu alitazama chini. Akainua mkono wa kulia, vidole vinne vimebanana. Mama aliushika ule mkono. Alivikunja vidole kimoja kimoja hadi ikawa ngumi, akaifunika ngumi kwa mikono yake miwili, akabaki ameishika hivyo, huku nyuma yetu shangazi na majirani wakianza kubishana ni nani atakayerudisha sukari dukani.